Pumzi za Injini: Hewa katika Chumba cha Mashine ya Dizeli

Ukimwuliza mtu yeyote wa Mvara, hapa Arua, awe mwenye mashine ya kusaga au mwenye duka lenye jenereta, injini yake inakula nini, atakujibu bila ya kusita kuwa inakula dizeli, na papo hapo atakueleza bei ya lita moja ilivyopanda. Ila ni nadra kumpata atakayekwambia kuwa chakula kikubwa cha injini hiyo ni hewa. Na hali ndiyo hiyo. Lita moja ya dizeli, ambayo uzito wake haufiki kilo moja, haiwezi kuungua ikaisha mpaka ipate takriban kilo 12 za hewa, yaani hewa ya kujaza nafasi ya mita 10 za ujazo; na kwa kuwa ni tabia ya injini ya dizeli kuvuta hewa nyingi kuliko ile inayoitumia kuunguza mafuta, kipimo chenyewe kwa kweli huzidi hapo. Hewa hiyo haina kituo cha kuuzia wala risiti, haibebwi kwa mtungi wala kwa pipa, na kwa sababu hiyo aghalabu haimo katika hesabu za mwenye mashine. Yeye hununua injini kwa fedha nyingi, akaijengea chumba cha matofali chenye mlango wa chuma na kufuli mbili kwa kuchelea wezi, akaziba na dirisha, kisha akastaajabu kuona mashine inatoa moshi mweusi na nguvu zake zinapungua siku hata siku.

Wanaoijua elimu hii ya hewa kuliko watu wote ni mabaharia wa vyombo vya tanga vilivyofungwa injini, maana wao ndio waliobanwa nayo barabara. Katika jahazi au mashua injini huwekwa upande wa tezi, yaani nyuma, chini ya sitaha, ndani ya kijumba cha mbao kilichokaa karibu na ngama, yaani chini kabisa ya chombo panapokusanyika maji, mahali ambapo kila tundu linaloingiza hewa linaweza pia kuingiza maji ya mawimbi, na kila ubao unaoondolewa ili joto litoke huachia kelele na harufu ya mafuta zifike kwa abiria. Fundi wa chombo cha namna hiyo hana nafasi ya kubahatisha. Kosa ambalo sisi wa nchi kavu tunaweza kuishi nalo miaka kumi tukidhani ni uchakavu wa injini, yeye humdhihirikia katika safari moja, tena huenda likamdhihirikia wakati upepo umekatika na mkondo unamsukuma mwambani.

Wala asidhani msomaji wa Arua au wa Koboko kwamba habari za tanga ni za watu wa Lamu na Unguja peke yao. Mto Naili unapita mashariki yetu, na Ziwa Albert liko kusini, na ziwa hilo lilizungukwa na tanga kabla halijazungukwa na mashine: ilikuwa mwaka 1876 ambapo Mwitaliano Romolo Gessi aling'oa nanga Dufile, katika ardhi hii hii ya West Nile, na mashua mbili za chuma zenye matanga, moja ikiitwa Dufile na ya pili Magungo, akalizunguka ziwa zima kwa upepo na makasia. Baadaye zikaja meli za moshi. Iliyokuwa mashuhuri katika siku za wakoloni ni Robert Coryndon, iliyoanza kazi bandarini Butiaba mwaka 1930, ikaja kuangamia papo hapo Butiaba katika miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipopanda. Leo vivuko vya Laropi na vile vya kati ya Panyimur na Wanseko vinakwenda kwa dizeli, na wavuvi wa Panyimur wana mashua zao za mbao. Hivyo maji tunayo, na injini juu ya maji tunazo.

Injini ya dizeli yenyewe si ya zamani sana. Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na haikupita miaka mingi ikaingia baharini. Mwaka 1910 Fram, jahazi la Wanorwe la safari za barafuni, liliondolewa mashine yake ya mvuke likafungwa dizeli, likawa chombo cha tanga chenye injini ya namna hii tunayoizungumza. Na mwaka 1912 Wadenmaki wakatoa Selandia, meli kubwa ya dizeli ya kwenda bahari za mbali, ambayo watu wa bandarini waliitazama kwa mshangao kwa kuwa haikuwa na dohani. Moshi wake ulipitishwa ndani ya mlingoti na kutokea juu kabisa, mbali na pua za watu. Nitarudi kwenye mlingoti huo, kwa sababu una mafunzo kwa mwenye jenereta wa Mvara.

Basi ni kitu gani hasa kinachotokea ndani ya kijumba cha injini? Tuchukue mashua ya kiasi, yenye injini ya lita mbili inayozunguka mara 2,400 kwa dakika. Injini ya mipigo minne huvuta pumzi mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo kila dakika hunyonya lita 2,400 za hewa. Kijumba chake, kikiwa na urefu wa mita moja na nusu, upana wa mita moja na kimo cha mita moja, kinachukua lita 1,500 tu, tena hapo hatujatoa nafasi iliyojaa chuma cha injini yenyewe. Maana yake ni kwamba hewa yote ya kijumba hicho hunywewa ikaisha kabla dakika moja haijatimia, na isipoingia nyingine kwa kasi ile ile, injini huanza kuvuta kwa nguvu kutoka kila upenyo inaoupata: katika nyufa za mbao, katika maji machafu ya ngama yenye uvundo, hata katika chumba wanamolala mabaharia. Nahodha mwenye uzoefu hulitambua jambo hili kwa ishara ndogo. Akitaka kufunua kifuniko cha kijumba injini ikiwa katika mwendo wa mbio, kifuniko humwia kizito kuliko kawaida, na kikishafunuliwa mngurumo hubadilika mara moja ukawa mwepesi na safi. Kifuniko kikiwa na tabia hiyo, hakuna haja ya kifaa cha kupimia. Injini inakosa hewa.

Hilo ni la kwanza. La pili ni joto. Katika nguvu zote zilizomo ndani ya mafuta, ni kama thuluthi moja tu inayogeuka kuwa kazi ya kusukuma chombo. Thuluthi nyingine hutoka na moshi, na inayosalia hubebwa na maji ya kupoza na kutawanyika kutoka mwilini mwa injini. Kile kinachotawanyika, ingawa ni sehemu ndogo, hubakia kijumbani, na kisipotolewa hukipasha chumba mpaka mikanda ya feni ikaanza kupasuka, mipira ya mafuta ikakakamaa, na jenereta ndogo inayochaji betri ikaungua. Tena joto hupunguza hewa ile ile tunayoililia, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi: hewa ya nyuzi 55 ina karibu sehemu moja katika kumi pungufu ya uzito wa hewa ya nyuzi 25 iliyojaza nafasi hiyo hiyo. Injini hupimiwa mafuta kwa ukamilifu, ila hewa haipati kamili. Ndipo mafuta yanapoungua nusu nusu, na nusu isiyoungua ndiyo ule moshi mweusi unaouona. Mwenye mali ameulipia moshi huo bei ile ile aliyolipia nguvu.

Dawa yake imejulikana zamani, nayo ni njia mbili: moja ya kuingilia hewa baridi na moja ya kutokea hewa moto. Ya kuingilia ishuke mpaka chini, karibu na miguu ya injini, lakini isifike pale maji ya ngama yanapoweza kuizamisha. Ya kutokea ianzie juu kabisa, chini ya dari ya kijumba, kwa sababu hewa moto hupanda yenyewe na haihitaji kushawishiwa. Zikiwekwa zote mbili juu, au zote upande mmoja zikikaribiana, hewa itaingia na kutoka pale pale mlangoni bila ya kuigusa injini, na fundi atasema ametoboa matundu ilhali hakufanya kitu. Kuhusu ukubwa, kanuni moja inayotumiwa na waunda mashua inatoa kwa injini ya nguvu za farasi 30 tundu lisilopungua takriban sentimita 60 za mraba. Mimi naona hicho ni kiasi cha kuokoa roho tu, na katika nchi zetu za jua kali mwenye busara atakizidisha maradufu, kisha ataongeza feni ndogo ya umeme kwenye njia ya kutokea, ambayo itaendelea kufanya kazi kwa dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa, kwani joto la kijumba huzidi kupanda pale maji ya kupoza yanapoacha kuzunguka.

Katika chombo cha tanga kuna shida nyingine ambayo nyumba haina, nayo ni kwamba upande wa joshi, unaopigwa na upepo, na upande wa demani, uliokingwa nao, hubadilishana kila chombo kinapogeuza tanga. Mdomo wa bomba uliokuwa ukipokea upepo saa hii, baada ya muda utakuwa ukipigwa na mawimbi. Jambo hili lilitatuliwa kwa uzuri katika jahazi la mashindano la Marekani lililoitwa Dorade, la mwaka 1930. Juu ya sitaha yake paliwekwa kisanduku. Bomba la nje, lenye mdomo mpana, linaingia kisandukuni upande mmoja, na bomba la ndani linaondokea upande wa pili likiwa limeinuliwa juu ya sakafu ya kisanduku, na kati yao pana kiambaza kifupi. Hewa hupinda ikapita. Maji, kwa uzito wake, huangukia sakafuni na kutoka kwa vitundu vya pembeni. Hakuna kifaa kinachozunguka wala kinachoharibika. Seremala yeyote wa Arua anaweza kukitengeneza kisanduku hicho kwa mbao za mvule katika nusu siku, na katika masika, mvua inapopiga ukuta kwa mshazari, kingekinga dirisha la chumba cha jenereta bila ya kulifunga.

Sasa turudi nyumbani. Mashine za kusaga za sehemu zetu nyingi ni za umbo la Lister, injini ya Kiingereza ya magurudumu mawili mazito, ambayo siku hizi huigizwa sana India: silinda moja, nguvu za farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika. Silinda hiyo ina lita 1.4 hivi, na ukipiga hesabu utaona inavuta karibu lita 460 kila dakika. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, injini hiyo hukinywa chote katika dakika zisizofika 50. Juu ya hayo, Arua iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Jumlisha na upungufu unaoletwa na joto la chumba kilichofungwa, na utaona kuwa karibu moja ya tano ya pumzi za injini imekwishapotea kabla haijapewa gunia la kwanza la mahindi.

Kiangazi kilichopita, upepo wa kaskazini ulipokuwa ukituletea vumbi, nilisimama kwenye mashine moja hapa Mvara ambayo mwenyewe alikuwa amekata tamaa nayo. Kijana msagaji aliniambia, "Mzee, injini imechoka, inataka ringi mpya." Fundi aliyeitwa, mtu mzima wa maneno machache, hakufungua ringi wala hakugusa nozeli. Alifungua chujio la hewa. Ndani yake mlikuwa na unga wa muhogo ulioshikana na vumbi jekundu na oili, umekuwa ukoko mgumu, akaubandua kwa bisibisi ukatoka kwa vipande. Kisha akaninyoshea mkono dirishani, ambako palikuwa pamepigiliwa bati ili kuku wasiingie, na ukuta wa juu yake ulikuwa mweusi kwa masizi. "Ringi hazina neno," akasema. "Hii inanyongwa." Likabanduliwa bati, ukawekwa wavu, likatobolewa tundu la matofali mawili chini ya ukuta wa upande wa pili, chujio likahamishwa kwa kipande cha bomba mpaka nje ya nyumba, mahali pasipofika unga. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko bei ya ringi. Injini iliposhtuliwa ilitoa moshi wa kijivu kidogo, kisha moshi ukawa hauonekani.

Ningependa habari iishie kwenye mashine za kusaga, kwa sababu humo hasara ni ya fedha tu. Lakini tumeishi miaka mingi katika nchi ambayo umeme ulikuwa wa kubahatisha. Hata baada ya maporomoko ya Nyagak kuanza kutoa megawati 3.5 mwaka 2012, mngurumo wa jenereta za madukani na majumbani haukunyamaza. Na jenereta, tofauti na mashine ya kusaga, mara nyingi hukaa pale pale watu wanapokaa. Moshi wake umebeba gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haikeri koo. Inapoingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zinazoishinda oksijeni zaidi ya mara mia mbili, ikakalia nafasi yake, na mtu akaumwa kichwa, akalegea, akasinzia, asiamke tena. Jenereta ndogo za petroli hutoa gesi hii kwa wingi kuliko za dizeli, na hizo ndizo zinazowekwa ukumbini na nyuma ya makaunta. Moshi wa dizeli nao usidharauliwe: mwezi Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kuwaletea watu saratani.

Ndipo mlingoti wa Selandia unapotufaa. Moshi unataka njia yake yenyewe, isiyochanganyika na njia ya hewa, na njia hiyo iishie juu na mbali. Mabaharia wanajua kwamba hata moshi uliokwisha kutoka nje ya tezi unaweza kurudi, kwa kuwa upepo ukivuma kutoka nyuma, au chombo kikienda mbio, hewa huzunguka nyuma ya tezi na kuingia tena kwa mlango wa chumba. Nyumba hufanya vivyo hivyo: jenereta iliyowekwa barazani chini ya dirisha hupeleka moshi wake chumbani jirani, na mwenye nyumba hulala akidhani yuko salama maadamu mashine iko nje. Bomba la moshi lipande juu ya ukingo wa paa, lipewe kikofia cha kuzuia mvua, lifungwe vizuri katika viungo vyake, na linapopita karibu na paa la nyasi, kama yalivyo mapaa mengi ya Koboko na vijiji vya Arua, litengwe nalo kwa nafasi ya kutosha na kuvikwa kitambaa cha nyuzi za kioo, maana chuma hicho kinaweza kuwasha nyasi pasipo cheche.

Limebaki jambo moja ambalo mafundi wetu wengi hawalikumbuki. Njia za hewa sharti ziwe na vifuniko vinavyoweza kufungwa kutokea nje. Moto ukizuka katika kijumba cha injini, hewa tuliyoihangaikia inakuwa adui. Baharini kaida ni kuzima feni, kufunga vifuniko, kisha kupuliza gesi ya kuzimia moto kwa tundu dogo, wala si kufunua mlango ili kutazama. Kadhalika iko ajali ambayo injini huanza kunywa oili yake yenyewe ikakimbia bila ya kusikia ufunguo wala wenzo wa mafuta, na hapo haizimiki ila kwa kuibana pua, kwa kuziba njia yake ya kuvutia hewa kwa ubao imara, kamwe si kwa kiganja cha mkono. Na betri zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi inayojikusanya chini ya dari na kulipuka kwa cheche moja; kwa hiyo tundu la juu lina kazi hata injini ikiwa imezimwa.

Nawaomba wenye mashine wa Mvara, wa Koboko na wa kando ya mto wafanye jambo moja wiki hii: wasimame ndani ya chumba cha injini ikiwa katika kazi, mlango ukiwa wazi, na kumtaka fundi awaonyeshe kwa kidole hewa baridi inaingilia wapi, hewa moto inatokea wapi, na moshi unapita wapi. Asipoweza kuonyesha njia zote tatu, kazi ya chumba hicho haijaisha. Na yeyote ambaye jenereta yake iko ndani ya nyumba wanamolala watu, au barazani chini ya dirisha lao, asingoje fundi wala mwisho wa mwezi. Aitoe leo kabla ya magharibi, aipeleke uwanjani mbali na milango na madirisha, na ampe habari hii jirani yake.